Ila za Ukuta Wenu, na Yangu

Mwanangu Khamis,

Bibi yako alinifundisha kwamba barua huanza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima wa afya, na hofu yake ni kwa yule anayemwandikia. Leo siwezi kuanza hivyo. Mimi si mzima. Nina hasira, ninayo tangu wiki iliyopita tuliporudi kutoka Riyadh, na sitaki upande ndege kesho bila kujua ni hasira ya nini. Sehemu yake inakuhusu wewe. Iliyo kubwa inanihusu mimi.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Mamako ameshakuandikia karatasi tatu: ya nguo, ya chakula, na ya watu wa kuwapigia simu siku ya Idi. Zote ziko kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Mimi nina karatasi moja tu ya kuzungumza, nayo si yangu. Ni ile fomu ya afya ya chuo chako cha Riyadh, mchezaji anajaza na mzazi anatia saini. Umeiacha mezani asubuhi, ukaiwekea kalamu juu, ukatoka na ami yako kwenda mtaa wa Baghdadiya kuaga jamaa.

Swali la sita linauliza kama mchezaji amewahi kuzimia au kuishiwa nguvu kwa sababu ya joto. Umeandika hapana. Mwandiko mzuri, umesimama, kama wa kakako.

Wiki sita zilizopita, baada ya swala ya alasiri, nilikukuta umelala kando ya toroli la chokaa ya mistari, uwanjani kwangu, midomo imekauka na macho yamefunguka nusu. Ulikuwa unakimbia peke yako ukivuta tairi. Nikakuburura mpaka kwenye kivuli cha tangi, nikakumwagia maji ya mpira wa bustani kichwani mpaka ukanijua, na ulichoniomba uliponijua ni, "Baba, usimwambie mama." Nikasema sawa. Hilo ni kosa langu la kwanza katika barua hii, na si kubwa kuliko yote.

Sasa umeniwekea kalamu juu ya uwongo ili niutilie saini. Kabla sijakwambia nimeifanya nini fomu hiyo, nataka ujue nilichokiona kwenye mazoezi ya timu yenu, kwa sababu hukuniuliza. Tulipokuwa tunarudi ulizungumza njia nzima juu ya mrushaji wenu, na mkono wake, na mbio za wale wawili wa pembeni. Kuhusu watu watano wa mbele hukusema neno, na wewe ni mmoja wao.

Unajua nilivyoujua mpira huu wa Kimarekani. Nilipoajiriwa kutunza uwanja wa kampaundi ya wageni, miaka ishirini na miwili sasa, nilidhani ni ugomvi unaosimamishwa kila baada ya muda ili wagombanaji wapumzike. Hakuna aliyenieleza kitu. Lakini kazi yangu ni majani na mistari, na kila Jumamosi asubuhi nilikuwa naziba mashimo waliyoyachimba Ijumaa. Nikaona mashimo hayako ovyo. Wale watano wanaosimama mbele ya mrushaji, kuwazuia wapinzani mpaka mpira umtoke mkononi, ndio wanaoharibu majani kuliko wote. Aliyesimama imara huacha mashimo mawili mafupi, mapana kama mabega yake. Aliyesukumwa huacha michirizi mirefu kama ya watu waliohamisha kabati. Nikaanza kujua nani alicheza vizuri kabla sijasikia nani alishinda. Siku moja nikamwambia Mmarekani mmoja kwamba mtu wake wa pembe ya kushoto anarudi nyuma kwa mguu usiofaa. Akanitazama kama kwamba toroli limezungumza. Wiki ya pili akanipa mto wa kuwashikia vijana wapige mazoezi, na hapo ndipo kakako Nassor alipojifunza, kwa kuugonga mto ule nikiwa nyuma yake, mimi nikirushwa na yeye akicheka. Nassor ndiye aliyeziita zile nafasi tano ukuta. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Haya, ukuta wenu.

Wa kati nilimpenda. Kila mara kabla hajautoa mpira anageuza shingo huku na huku na kuwaambia wenziwe nani amshike nani. Ukuta usiosema huanguka, na huyu anasema. Ila yake ni kidole gumba. Amekifunga kwa plasta ya rangi ya ngozi ili kisionekane, na kwa hivyo mpira unamtoka chini na mrushaji anauokota magotini. Kabteni wenu, ndivyo mnavyomwita kocha, akamfokea mrushaji.

Wa kulia kwake ana goti. Alipodhani hatazamwi alilishika. Kabteni alipogeuka, mkono ukapanda kiunoni, kama mtu anayepumzika kwa maringo.

Pembe ya kulia ni yule mrefu mnayemwita Burji, yaani mnara. Ana nguvu za kuhamisha friji peke yake, lakini miguu imelala. Anasubiri mtu amfikie ndipo amkamate fulana, na mwamuzi mwenye macho atawarudisha nyuma kila saa. Huyu hafichi kitu. Ni mvivu, na mvivu hufundishika.

Jirani yako wa kushoto ana matatizo mawili. Wapinzani wawili wakipishana, yeye humfuata wa kwanza mpaka mbali, anakuachia wewe wa pili. Nimehesabu mara nne. Zote nne umekaba watu wawili na yeye hakusema hata "badili". La pili ni mkono anaouweka chini. Mkiwa mnakwenda kusukuma anauegemea, kucha zinakuwa nyeupe. Mkiwa mnakwenda kurusha anauweka kwa adabu tu. Mimi nilikuwa nje ya uzio, nikajua kila mara mtafanya nini. Wapinzani nao watajua kabla ya mechi ya pili.

Na wewe. Mrushaji wenu anatumia mkono wa kulia, akijigeuza kurusha mgongo wake unabaki kwako. Ni nafasi ngumu kuliko zote, na kwa nusu saa ya kwanza hakuna katika watu wote wale aliyekukaribia. Chini, mwepesi, mikono ndani. Nilimwambia mtu aliyesimama karibu yangu, simjui, "Yule ni wangu." Kisha kichwa chako kikaanza kupanda. Mchezaji wa ukuta akichoka husimama wima. Mara ya kwanza nikasema amejisahau. Mara ya tatu nikaacha kuzungumza na yule mtu.

Mlipokwenda kuoga niliingia uwanjani. Wamepanda majani ya kweli pale, Mungu awape. Mlinzi wa geti, kijana wa Kenya, akanifuata akaniuliza, "Mzee, umepoteza kitu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Tutakipata, usijali," na tukatembea wote wawili tumeinama, yeye akitafuta funguo au simu, mimi nikitafuta miguu yako. Upande mlioanzia nikakuta mashimo yako mawili, mafupi, mahali pake. Upande mliomalizia nikakuta alama za mguu mmoja ukivuka mwingine, kama za mtu aliyebebeshwa gunia akafumbwa macho. Lile goti la mwenzako nalo nililisoma palepale: shimo moja tu la mguu wa kushoto, wa kulia haukugusa kitu.

Ndipo ukaja kutoka kuoga. Nikakuuliza, "Hujambo?" Ukasema, "Sijambo baba, mzima kabisa. Tangu tuanze hata jasho sikutoka."

Hasira yangu ilianza hapo, kwenye sentensi hiyo, na haijakaa chini mpaka leo.

Sisi watu wa Jidda tunajipima kwa shati. Umezaliwa Hindawiya, umekulia kwenye joto la kukamua. Shati likilowa mgongo umeanza kuchoka, likilowa kifua kapumzike, na mtu akisimama tu dukani analowa. Riyadh hakuna hivyo. Hewa ya kule ni kavu kama jivu, inakunywa jasho kabla hujaliona, na mtu wa Jidda anajishika mgongo, anakuta pakavu, anasema bado nina nguvu. Anaendelea. Kisha kweli jasho linaacha kutoka, na yeye hajui tofauti. Mwanangu, hivyo ndivyo kakako alivyokwenda. Alikuwa na fulana kavu. Mutiso, yule Mkenya aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja, aliniambia kwamba kwenye gari la kumpeleka hospitali alimshika kifua akashangaa: kilikuwa cha moto na kikavu kama pasi.

Nassor hatumzungumzi ndani ya nyumba hii ila kwa mambo ya kuchekesha. Nalo ni kosa langu. Tunaeleza alivyopata kazi ya ofisini kule Riyadh, mtaa wa Olaya, na marehemu bibi yako akaliweka jina hilo kinywani mwake likatoka Ulaya, akazunguka harusi nzima ya watu wa Hindawiya akisema mjukuu wake yuko Ulaya. Kina mama wakamwagiza makoti. Na Nassor aliporudi likizo akaingia na mfuko wa chokoleti alizonunua stesheni ya basi, akajikunja mabega, akasema, "Ulaya baridi, bibi, usiombe." Tunacheka, kisha mamako anainuka kwenda jikoni, na mazungumzo yanakwisha. Siku yenyewe hatuisemi. Leo nitaisema.

Lakini nianze mbali kidogo. Sisi wenye lugha hii tuna tabia moja. Mtu akituuliza habari, jibu ni salama. Hata nyumba iwe imeungua, kwanza salama, ndipo linakuja neno ila, na nyuma ya ila ndiko kuna habari yenyewe. Salama, ila mtoto ana homa. Salama, ila tumezika jana. Nilipokuwa mtoto, bibi yako alikuwa akinichukua posta kupiga simu Unguja. Unaomba, unangoja, unaingia kibandani, na dakika zako ni chache. Alikuwa akizimaliza kwa salama. Mama? Salama. Watoto? Salama. Na majirani? Salama. Siku moja nilimsikia yule wa upande wa pili, kwa kuwa simu zile zilikuwa zikipiga kelele, akisema, "Sote salama, ila Mbarouk..." na simu ikakatika. Mbarouk alikuwa kaka yake bibi, akimpenda sana. Kibandani hawakumrudishia simu, palikuwa na foleni. Akakaa karibu miezi mitatu bila kujua Mbarouk amefanya nini, akimsomeshea kisomo cha ugonjwa na kisomo cha safari, vyote viwili, mpaka barua ikaja. Mbarouk alikuwa ameshazikwa siku ile ya simu.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Ungedhani ningekua nikiwa mtu wa kungoja ila za watu. Nikawa kinyume chake. Nikawa baba asiyezitaka. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwaambia nyie wawili: kila salama yenu ina mkia. Ukija na malalamiko ya shule, kata mkia. Ukisema umekula umeshiba ila wali ulikuwa na mchanga, kata mkia. Ikawa mzaha wa nyumba. Nassor alikuwa akiniwahi, anasema, "Salama, na mkia nimeuacha mlangoni." Nilijiona ninalea wanaume.

Siku yenyewe alinipigia simu saa tisa na kitu, mimi niko uwanjani na toroli, mstari umefika katikati na chokaa ilikuwa inaganda. Nikamuuliza habari za huko. Akasema, "Salama baba, ila..."

Nikamwambia, "Kata mkia, Nassor, niko kazini."

Akacheka. Akasema, "Haya baba. Umekatwa."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Mamako hakuyajua mpaka leo mchana, na wewe hukuyajua mpaka mstari huu. Jioni ile alikwenda kwenye mazoezi ya klabu yao, akaanguka kwenye zamu ya mwisho ya mbio, na alfajiri ami yako akaja kunigongea mlango.

Nilichokikata nilikuja kukijua kutoka kwa Mutiso, tulipokwenda kuchukua vitu vyake. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha pili, bado na sare ya ulinzi, hataki kunitazama. Aliniambia Nassor alikuwa ametapika tangu jana yake na usiku mzima alikuwa na homa. "Mimi nilimwambia, bro, leo usiende. Akasema kama hataenda, coach atapea mtu mwingine nafasi yake. Akaniambia atapigia mzee wake kwanza, mzee ndiye anajua hiyo game. Mzee akisema apumzike, atapumzika." Kisha Mutiso akaniuliza, kwa adabu, bila ubaya wowote, "Hakukupigia?"

Nikamwambia alinipigia.

Siku ya tatu ya maombolezo kocha wa klabu ile alikuja Jidda. Alikuja na fulana ya Nassor imekunjwa ndani ya nailoni. Akakaa pale penye kochi la kijani, akaniambia mbele ya watu, "Wallahi, mwanao hakulalamika hata siku moja." Na mimi nikamshukuru, Khamis. Nikammiminia kahawa. Kikombe kikaisha nikammiminia tena, na cha tatu, na nikamsindikiza mpaka gari lake, na nikamwambia njia salama. Mtu amenisifia kitu kilichomuua mwanangu, kitu nilichomfundisha mimi mwenyewe, na nikamwekea tende mbele yake. Kila nikikumbuka mkono wangu umeshika dele lile la kahawa, natamani ningeuvunja.

Nilimkasirikia mtu yule mwaka mzima. Niliwakasirikia na wale waliokuja kunishika bega na kuniambia siku yake ilikuwa imefika. Ninaamini kila mtu ana siku yake, sina ubishi na Mola wangu. Lakini waliyasema haraka mno, kabla hata sijauliza maji yalikuwa wapi jioni ile, na nani alikuwa na kazi ya kutazama. Nilitaka kuuliza kwanza, halafu nikubali. Wao walitaka nikubali ili wasiulizwe. Na katika watu wote wale hakuna niliyemkasirikia kama yule aliyekuwa na toroli la chokaa na mstari nusu.

Sasa rudi kwenye timu yenu. Nimekwambia watu watano. Mnajua mna wangapi wa akiba? Mmoja. Yule mnene mwenye miwani, ambaye katikati ya mazoezi aliinua mkono akasema "mafi hawa", hakuna hewa, akaenda kukaa kivulini. Mkamcheka. Nilisikia hata wewe ukimwita Mafi Hawa kama ndilo jina lake, na hukujua ninasikia. Nimemtazama vizuri. Anachelewa kuanza, mikono yake inatawanyika, lakini alirudi uwanjani baada ya dakika kumi na miguu yake ilikuwa ileile ya mwanzo. Kwenye majani yale nimekuta watu wawili tu ambao mwisho wao ulifanana na mwanzo wao: Burji, kwa kuwa hakuanza, na Mafi Hawa.

Timu yenye watu sita kwa nafasi tano haina mahali pa kumpumzisha mtu. Ndiyo maana mmoja anaficha gumba na mwingine anaficha goti na wewe unaficha ulivyoanguka. Kila mmoja anaogopa kuwa yeye ndiye tofali litakaloangusha ukuta. Nikasimama pale uzioni na kabteni wenu akanijia, mtu mkunjufu, akanisalimia vizuri, akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, yaa ami. Vijana wangu neno siwezi hawalijui." Nikatabasamu. Mara ya pili maishani mwangu nikasifiwa kitu kilekile, nikatabasamu.

Na wewe ninakukasirikia. Nataka ulisome hilo mara moja kisha upite, lakini ulisome. Ulimbeba kakako begani, upande wa kulia, nyuma ya ami yako. Unajua alikufa kwa nini. Ukakaa kwenye meza hii ukaandika hapana, na ukapigia mstari chini yake kwa rula.

Kuna jambo sijakwambia juu ya siku ile ya tairi. Nimesema uliponijua uliniomba nisimwambie mamako. Kabla hujanijua ulizungumza kwanza. Macho yako yalikuwa yananipita, ukaniuliza kama Nassor ameshakunywa maji. Uliuliza mara mbili. Nikakwambia ameshakunywa. Ukasema, "Basi na mimi nipe." Nimekaa nalo wiki sita peke yangu, nikila na kulala, na kumficha mamako kwa sababu uliniomba na kwa sababu nilitaka unione ni baba anayetunza siri. Leo baada ya adhuhuri nilimwambia yote, la tairi na la simu ya Nassor. Alikuwa anakunja shuka zako. La simu sijui lini atalijibu. La tairi alisema, "Wiki sita ulikuwa unakula chakula changu ukijua?" Kisha akaendelea kukunja shuka ileile, akaikunjua, akaikunja tena.

Sasa fomu. Nimelikata neno lako kwa mstari mmoja, ili lisomeke bado, na juu yake nimeandika ndiyo, kwa mkono wangu. Pembeni nimeeleza saa, joto, tairi, muda uliokuwa hunijui, na kwamba kakako alifariki kwa jambo hilohilo. Nimetia saini. Nikaipiga picha nikaituma chuoni, kwenye zahanati yao na kwa kabteni pia, kwa hivyo ukiichana hakuna kitakachobadilika. Nilitaka iwe hivyo. Ninakujua.

Kisha nikampigia kabteni. Akaniuliza kwa nini uliandika hapana. Nikamwambia kwa sababu anajisifu kwa vijana wasiojua neno siwezi, na wewe unataka kuwa kijana wake. Sikupandisha sauti, lakini sikutabasamu. Akasema, "Halas, yaa ami, nimekuelewa." Daktari wao atakupima Jumapili. Utaanza na mazoezi ya nusu, utaongezewa kidogo kidogo, na mechi tatu za mwanzo hutacheza. Pembe ya kushoto ataanza yule mwenye miwani.

Akaniuliza kama nimeona mwingine mwenye kasoro. Magumba na magoti ya watoto wa watu sikuyataja. Nilimwambia awaite mmoja mmoja, wasiwe wamesimama pamoja, awaulize, na mtu akijibu mzima asigeuke kuondoka palepale. Ahesabu mpaka kumi. Sijui kama atafanya. Wewe unaweza kuwaambia wenzako mwenyewe, ukitaka, na ukiona vyema umwambie jirani yako habari ya kucha.

Najua nilichokuharibia. Tangu una miaka kumi na mmoja unaitaka nafasi ile, kwanza kwa kuwa ilikuwa yake, kisha kwa kuwa unaiweza. Watakucheka, kama mlivyomcheka mwenzenu. Watasema babake kampigia simu kabteni. Ni kweli, kampigia. Huenda msimu ukaisha na yule mwenzako hajakurudishia pembe, na ukija likizo usiwe na neno na mimi. Nimeliwaza hilo leo mchana kutwa, na nimelipima, na bado ningetuma picha ile.

Barua hii utaikuta juu ya begi lako ukirudi Baghdadiya. Sitaingia chumbani kwako kukuuliza umeisoma au hujaisoma. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitawasha gari kukupeleka uwanja wa ndege. Mamako alitaka kukaa mbele, nimemwambia kiti cha mbele ni chako, uzungumze na mimi au usizungumze.

Babako